Nilipowafundisha Wenyewe Kupika Muthokoi

Mafuta ya kupikia yalipopanda bei kwa mara ya tatu mwaka ule, niliwakalisha watu wangu sebuleni nikawatangazia kwamba kuanzia mwanzo wa mwezi jikoni kwetu kutakuwa na bajeti. Watu wangu ni mume wangu, mwalimu wa hesabu katika shule ya upili, na binti zetu wawili wa shule ya msingi. Tunaishi katika mji wa Wote, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Mimi ni mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na kwa miaka mingi nimechapa mipango ya maendeleo ya kila aina. Kwa hiyo nilijua mpango unavyoandikwa. Kutekelezwa sikuwa nimeshuhudia sana, lakini hilo halikunipa wasiwasi.

Wangu ulitoka kurasa nne. Ulikuwa na dira, dhamira na malengo. Ukurasa wa pili ulikuwa jedwali la vyakula. Jumatatu tungekula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda, pamoja na ndengu. Jumanne ugali na kunde. Jumatano ndengu bila muthokoi, Alhamisi muthokoi bila ndengu. Nyama ilitajwa mara moja tu, ukurasa wa nne, chini ya kichwa kilichosema "Changamoto".

Mume wangu alizipitia kurasa zote akiwa ameshika kalamu nyekundu, kwa mazoea tu.

"Hesabu iko sawa," akasema. "Lakini sijaona mahali tunaposhiba."

"Kushiba ni matokeo," nikamwambia. "Hapo tuko bado kwenye mikakati."

Akaifunika kalamu yake, nami nikalichukua hilo kuwa ndiyo.

Mwezi ule nilipika kama mtu anayeangaliwa na mkaguzi. Mafuta ya kupima niliyatia sufuriani kwa kijiko cha chai. Kitunguu kimoja nilikikata vipande viwili, nusu ya leo na nusu ya kesho, na ile ya kesho nikaifunika kwa kikombe isitoroke. Sukari niliihamishia chumbani kwetu, juu ya kabati. Gesi niliizima kabisa nikarudi kwenye jiko la makaa, macho yakiwasha kila jioni, na nikajiambia kwamba hayo ni machozi ya maendeleo.

Mwezi ulipoisha, pesa zilikuwa zimebaki. Unga pia ulibaki, na ndengu karibu nusu ya gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba hakuna aliyenung'unika. Watoto waliozoea kugombania paja la kuku sasa walikuwa wananisogezea bakuli la ndengu kwa adabu: "Mami, wewe ongeza, sisi tumetosheka." Baba yao naye alikuwa akila vijiko vitatu, anashukuru, anaenda kusahihisha vitabu. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimshukuru Mungu.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Sikuwa nimepanga kusema mengi, lakini nilipofika kwenye ile nusu ya kitunguu niliona akina mama wanafungua mikoba wanatafuta kalamu. Baada ya ibada mke wa mchungaji alinishika mkono.

"Dada, hii si ya kukaa nayo peke yako," akasema. "Utufundishe Jumamosi."

Nilifundisha Jumamosi. Jumamosi iliyofuata nikafundisha kanisa la jirani, na ile nyingine nikaenda mbali zaidi. Nilishonewa gauni la kitenge la kufundishia. Nikaanza kuitwa mwalimu, cheo ambacho mume wangu alikisomea miaka minne. Ule mpango niliutoa nakala arobaini, kwa mashine ya ofisini na karatasi za ofisini, kwa kuwa niliona nao ni mpango wa maendeleo kama ile mingine.

Na kila mahali nilipofundisha kubana matumizi, nilichinjiwa kuku. Wenyeji walikuwa wakinisikiliza saa mbili nzima nikisema nyama si lazima, halafu wananikaribisha kwenye meza yenye kuku wa kienyeji, chapati na soda. Ningekataaje? Nilikula. Nikifika nyumbani ninaosha mikono tena, nabandika muthokoi.

Halafu ikaja Jumatano moja, siku ya ndengu. Saa ya chakula cha mchana nilitoka ofisini nikaingia hoteli fulani iliyo nyuma ya stendi. Ni lazima niseme hapa kwamba nilikuwa nikiingia humo mara kwa mara tangu bajeti ianze. Nilikuwa nimejieleza kwamba chakula kinacholiwa nje ya nyumba hakimo kwenye bajeti ya nyumba, na kitaalamu hilo ni kweli. Nilipenda kukaa ndani kabisa, nyuma ya pazia, ambako waumini hawapiti.

Siku hiyo nyuma ya pazia alikuwa amekaa mume wangu. Mbele yake kulikuwa na bakuli la mchuzi lililokuwa likifuka moshi.

"Mwalimu," nikasema.

"Mama watoto," akajibu, na akaweka kijiko chini taratibu.

"Unakula nini?"

"Supu tu. Daktari wa mifupa husema ni nzuri."

"Wewe una daktari wa mifupa?"

Akashika kijiko tena. "Na wewe umefuata nini huku?"

"Nimekuja kutazama bei," nikasema. "Za kulinganisha, nikifundisha."

Mhudumu akatokea nyuma yangu na trei mkononi. "Mama, leo ni matumbo na chapati mbili kama kawaida?"

Mume wangu alianza kucheka akiwa bado na supu mdomoni, ikabidi nimpige mgongoni. Mwishowe nilikaa, nikaletewa kama kawaida, tukala pamoja vizuri kuliko tulivyokula mezani kwetu mwezi mzima. Tulikuwa tunafuta mchuzi wa mwisho kwa chapati ndipo yeye akauliza swali lililotupotezea hamu.

"Kama mimi ninakula hapa na wewe unakula hapa, watoto wanakula wapi?"

Jioni hiyo nilitoka kazini mapema. Mlango wa pili kutoka kwetu anaishi mama mmoja Mwislamu, watu wake asili yao Pwani, anayekaanga viazi karai na mahamri na kuyauza mbele ya nyumba yake. Binti zangu walikuwa wamekaa kwenye kibao chake, vitabu mapajani, midomo inang'aa mafuta. Waliponiona, yule mkubwa alimeza kwa haraka, na yule mdogo akafunika hamri kwa daftari.

"Jirani, hawa wamekuwa wakija hapa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi uliopita. Hawaombi kitu, usiwakasirikie. Wanakaa tu wakilitazama karai langu, na mimi sina moyo wa kutazamwa hivyo."

Nilitoa pochi. Aliitazama ile pochi mpaka nikairudisha.

"Usinilipe," akasema. "Wapikie."

Sijui kama alikusudia liniingie vile lilivyoniingia. Nilisimama pale na kitenge changu cha ualimu, ambacho siku hizo nilikivaa hata kazini, nikaelewa kwamba bajeti yangu haikuwa imefanikiwa hata siku moja. Mume wangu alikuwa amelishwa na sehemu ya mshahara wake aliyoificha, mimi na hoteli na makanisa, na watoto wangu na jirani. Zile ndengu zilizobaki mwisho wa mwezi zilibaki kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuzila.

Ningeacha kufundisha palepale, lakini nilikuwa nimeshaahidi kanisa moja upande wa Kibwezi kwa Jumamosi hiyo, na nauli walikuwa wameshatuma. Nikaenda. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, limejaa akina mama wakulima, wengine na majembe yao nje kwa kuwa walipitia shambani. Niligawa karatasi. Nikaanza, kwa sauti ambayo ilikuwa imepungua kidogo, kuwaeleza jinsi ya kuloweka muthokoi.

Mama mmoja mzee aliyeketi mbele aliinua mkono. Alikuwa ameshikilia karatasi yangu mbali na macho, kama watu wanavyoshika risiti.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Huu muthokoi unaosema, si ndio tumekula tangu tuzaliwe?"

"Ndio, mwaitu," nikamjibu, kwa heshima tunayompa mama.

"Na ndengu tunapanda sisi, tunawauzia nyinyi huko Wote."

"Ndio."

"Basi nauliza tu nielewe. Kabla ya huu mpango, nyinyi mlikuwa mnakula nini?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikatambaa mpaka mbele. Hakikuwa cha kunidharau, ndiyo maana kiliniuma. Nilikunja karatasi nikawaeleza yote: hoteli, pazia, supu, mahamri ya jirani, na kuku wa kila Jumamosi. Walicheka hadi wengine wakajifuta machozi kwa leso. Nilipofika kwa kuku wakatazamana, na hapo nikajua wangu yuko jikoni.

"Msiniletee," nikaomba.

"Ameshachinjwa," mama yule akasema. "Utamla tu. Lakini kuja kwanza."

Alinipeleka jikoni nyuma ya kanisa akanivalisha aproni juu ya kitenge. Muthokoi wao ulikuwa umelowekwa tangu jana yake, ukachemshwa asubuhi, halafu sufuria ikafungwa kwa blanketi kuukuu, ukaiva wenyewe bila makaa. Alichukua vitunguu vitatu, vizima, akanipa nivikate, kisha akavikaanga kwa mafuta ya kutosha, akatia majani ya kunde yaliyokaushwa na nyanya za shamba. Nilipotaja kijiko cha chai alinitazama kwa huruma.

"Mafuta ndiyo yanafanya hiki kitu kiitwe chakula," akasema. "Punguza mahali pengine. Hiyo gauni ulishonewa pesa ngapi?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akaziomba nakala zangu zilizobaki awashie moto wa chai.

Wiki iliyofuata mke wa mchungaji alinipigia akitaka niende kufundisha Kitui. Nilimweleza kwa nini nimeacha. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu waanze kufuata jedwali langu, mchungaji amekuwa akiwatembelea waumini kila siku, na hatoki nyumbani kwao kabla ya chakula kupakuliwa.

Nyumbani tulikaa wanne tukaandika upya, nusu ukurasa, bila dira. Muthokoi ulibaki, kwa vitunguu vizima. Nyama iliwekwa Jumamosi, na watoto wakadai mahamri Ijumaa, ya kununua kwa jirani kama wateja wengine. Pesa za hoteli zilirudi jikoni, na nilipojumlisha zangu na za mume wangu nilikuta zinatosha kununua mafuta na hata kujaza gesi. Miezi mingine tunapitiliza, mingine tunafika salama. Jumatano anapika mwalimu. Ndengu zake huungua chini kidogo, naye huzipakua kutoka juu akisema ladha ndiyo hiyo, na sisi tunakula zote, kwa sababu siku hizi jioni zikifika tunakuwa na njaa kweli.