Dar Hadi Perth, Ndege Haina Kona

Kaka yangu alikuwa dereva wa yale malori makubwa ya mgodini, na mwaka huu amepata kazi kama hiyo Australia, mji unaitwa Perth. Siku aliyopanda ndege Dar, sisi tulikuwa hapa Segese tunamwangalia baba mdogo akiperuzi simu. Baba mdogo anaendesha bodaboda, barabara za Kahama na Geita anazijua zote, kwa hiyo mambo ya safari tunamwachia yeye.

"Kilomita elfu nane na kitu," alisema. "Masaa kumi, kumi na moja hivi. Ndege haina kona wala matuta, shemeji. Jogoo akiwika, huyu yuko kwa Wazungu anakunywa chai."

Mama aliyashika maneno hayo. Kwetu msafiri akiwa njiani nyumba haifagiliwi, maana ufagio unafuta nyayo zake, anaweza asifike. Basi jioni ile tulitafuna karanga, maganda yakabaki chini palepale.

Jogoo akawika. Simu haikuita. Mama alipiga, akajibiwa kwamba haipatikani. Akapiga tena na tena mpaka nikamwonea huruma. Uji hakuugusa.

Na asubuhi hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Akina mama walifika, wakaona sebule ilivyo, na mmoja wao, kwa nia njema tu, akachukua ufagio.

"Weka chini!" Mama alipiga kelele. "Unataka kuniulia mwanangu?"

Yule mama aliuweka ufagio taratibu kama anaweka yai. Mwingine akanong'ona, eti redioni hawajasema kama kuna ndege imeanguka? Mama alisikia. Akakaa chini pu.

Mimi sipendi kuongea mbele za watu. Hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono. Nilichukua simu ya baba mdogo, nikaenda nayo jikoni, nikasoma vizuri. Kumbe yale masaa kumi ni ya mstari ulionyooka juu ya bahari, na ndege ya kufuata mstari huo haipo. Watu wanapelekwa kwanza Doha, kwa Waarabu, wanashuka, wanangoja nyingine.

Nilirudi sebuleni, nikasimama mbele ya wote.

"Mama, hajachelewa. Bado yuko njiani."

"Nani kakwambia?"

"Wanapitia Doha, wanabadilisha ndege. Atafika mchana, au jioni."

"Kumbe na wao wanabadilisha kama sisi pale Kahama!" alisema yule mama wa ufagio, watu wakacheka.

"Mimi nilisema haina kona," baba mdogo alijitetea mlangoni. "Sikusema haina stendi."

Mama hakucheka, ila aliomba uji.

Simu iliita jua likianza kushuka.

"Mhola, mayu?" Ilikuwa sauti ya kaka, anamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mhola duhu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Huku tayari ni usiku."

Waliongea kidogo tu, kisha Mama akanirudishia simu. Nilidhani atafurahi. Ndipo alipoanza kulia, yeye ambaye hakulia hata siku ya kumsindikiza.

"Kwa hiyo akiugua huko," aliniuliza, "mimi nitafika lini?"

Masaa nilikuwa nayajua. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono.