Mbege Haikumsubiri Katekista

Nyumbani tulipika mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla katekista hajampitisha binti yetu kupokea Komunyo ya Kwanza. Jumamosi, kesho yake ikiwa sherehe, nilikaa naye kwenye benchi la parokia, Kibosho, tukisubiri mtihani wake wa mwisho. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, kwa majivuno ya msomi: maana kwanza, kukariri baadaye.

Katekista akamwambia asali Sala ya Kutubu. Binti akaeleza vizuri sana toba ni nini.

“Nimeomba sala, mwanangu, si hotuba. Baba, hebu msaidie.”

Nilifika katikati, nikakwama.

“Njooni kesho kabla ya misa,” alisema. “Wote wawili.”

Tulisali njia nzima. Getini mama yangu akatupokea akitangaza kwamba mbege imeiva.

“Sisi bado, bibi,” binti akamjibu.