Yowe la Ma Koku

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kurekodi kitu ambacho sikukisikia. Ilikuwa Bakoba, mtaa wa Bukoba mjini, katika chumba cha nyuma cha mzee mmoja aliyekuwa akirekodi harusi, kwaya za Kilutheri na mikutano ya injili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikujua niende wapi, ila nilijua sitaki kukaa. Mzee huyo, ambaye sote tulimwita Fundi Mkuu, alinivalisha hedifoni, akawasha mashine, akasema, "Haya, rekodi."

"Nirekodi nini, mzee?"

"Hicho hicho."

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndicho hicho. Na nyamaza, unaniharibia."

Ndivyo nilivyojifunza kimya cha mahali. Ninyi mnaoanza kazi hii leo, wenye simu zinazorekodi vizuri kuliko mashine yetu ya wakati ule, msikidharau. Kila mahali pana kimya chake. Chumba chenye mapazia hakinyamazi kama chumba kitupu, na kibanja cha migomba hakinyamazi kama shamba la mihogo. Mhariri akiondoa neno lililokosewa, hujaza nafasi yake kwa kimya cha pale pale. Asipofanya hivyo mtazamaji anasikia shimo, hata kama hajui ni shimo la nini. Kwa hiyo kila mkimaliza kupiga picha, watu wote hunyamaza kidogo na mtu wa sauti anakusanya kimya.

Fundi Mkuu aliniongezea jambo moja siku hiyo hiyo. "Watu wakisema imetosha, wewe usizime. Una haraka ya kwenda wapi? Acha mashine itembee. Mtu akidhani imezimwa, ndipo anaposema."

Kutoka Bakoba nilikwenda Mwanza, kwenye redio, chini ya Mkuu wa Vipindi aliyekuwa mkali sana kuhusu upepo. Alikuwa akipuliza maiki mwenyewe kutujaribu, na usipomkemea anakununia wiki nzima. Kutoka hapo Dodoma, kisha Dar es Salaam, kwenye tamthilia za mapenzi. Huko ndiko nilikopewa bumu, ule mti mrefu wenye maiki kwenye ncha, unaoushika juu ya vichwa vya waigizaji bila kivuli chake kuingia kwenye picha. Kazi ya bumu ni ya bega. Inakutaka usimame kama nguzo, na mimi nilikuwa mtu wa kuhama. Nilihama sana. Nikiwa Dar nilitamani Mwanza, nikiwa Mwanza nilitamani Bukoba, na nikija Bukoba likizo nilikuwa naulizia basi la kuondoka kabla sijamaliza kusalimia shangazi zangu.

Ndipo ikaja tamthilia ya wapelelezi.

Kila kipindi kilikuwa na mtu mmoja aliyepotea. Inspekta, mama mmoja mtaratibu asiyependa kufoka, alikuwa na msaidizi kijana mwenye papara, na wawili hao walizunguka nchi wakiuliza watu maswali hadi aliyepotea apatikane. Watu waliipenda. Nadhani waliipenda kwa sababu mwisho wake kila mtu alipatikana, awe hai au amekufa, na familia ikajua. Msimu mmoja Mtayarishaji akaamua tupige picha Kagera. Nilifurahi kama mtoto, nikampigia simu kila mtu ninayemjua.

Kipindi ninachotaka kuwasimulia kilipigwa Rubafu. Kijana anaitwa Josia ametoweka, na mama yake, alfajiri, anatoka uani na kupiga yowe. Mwongozaji wetu alikuwa mama kutoka Tanga, mpole, mwenye kofia ya ukindu asiyoivua hata ndani ya nyumba. Mwigizaji aliyekuwa mama yake Josia alitoka Dar, na alipiga kelele nzuri ya kutosha. Tukarudia. Tukarudia tena. Mwongozaji akavua hedifoni.

"Hiyo ni hofu, mwanangu. Kama umeona nyoka chooni. Mimi nataka mtu anayeita."

Alikuwa sahihi, na hapo nikamweleza. Kwetu yowe, enduru kwa Kihaya, ni wito. Anayesikia anaacha jembe, anaacha chungu jikoni, anakuja. Haulizi kwanza.

Mwenye ule mji tuliokuwa tunapigia picha alikuwa Ma Koku, mjane, mtu mzima sana. Wakati wote huo alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. Mwongozaji akamwendea, akachuchumaa.

"Mama, unaweza kutusaidia kupiga?"

"Kupiga naweza. Nampigia nani?"

"Josia. Yule kijana wa kwenye hadithi."

"Simjui. Mama yake ni nani?"

Mwigizaji wetu akanyoosha mkono. Ma Koku akamtazama toka juu hadi chini. "Wewe? Wewe mwenyewe bado unanyonya, huyo kijana mkubwa umemtoa wapi?"

Tulicheka wote, hadi mpiga picha akaondoka kwenye kamera. Ma Koku hakucheka. Aliokota ndizi nyingine.

"Waitu, enduru haipigiwi mtu ambaye hayupo. Watu watakuja hapa na fimbo zao waniulize, Ma Koku, ni nani? Niwajibu, ni hadithi? Mimi ninaye wangu. Nikipiga, nitamwita huyo."

Wa kwake aliitwa Kamugisha. Aligombana na baba yake juu ya mpaka wa sehemu yake ya kibanja, akaondoka kwenda kuvua visiwani, upande wa Muleba. Baba alipofariki hakuonekana kwenye mazishi. Ndugu walimfuata visiwani, wakazunguka wakiuliza Kamugisha, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia jina hilo. Sasa ukoo ulikuwa umeanza kusema wazi kwamba kijana amekufa ziwani, na kwamba kahawa ikishavunwa watakaa kikao waigawe sehemu yake. Ma Koku alikuwa bado anaipalilia.

"Nitawapigia," alisema. "Lakini jina lake mliache. Msije mkalikata huko mnakokatia."

Mwongozaji aliinama akifikiri. Mimi nikajibu haraka kuliko cheo changu, nikimwita mama kwa Kihaya: "Halitakatwa, mae."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba kutakuwa na yowe la sinema, wasishtuke. Mwigizaji angeonekana kwa mgongo tu, sauti iwe ya Ma Koku. Nikapandisha bumu. Ma Koku alijifunga khanga vizuri, akasimama katikati ya ua, akapeleka kiganja mdomoni. Sitajaribu kuielezea ile sauti. Nilipunguza mashine mara mbili na bado sindano ya kupimia sauti ililala upande wa pili. Ilipanda, ikakatika, ikapanda, na katikati yake lilikuwamo jina la Kamugisha na kuambiwa arudi nyumbani.

Na watu wakaja. Walitoka kwenye migomba pande zote, wanaume na fimbo, wanawake na majembe, mmoja na sabuni nusu uso. Msaidizi wa Mwongozaji alichanganyikiwa. "Jamani, si mliambiwa ni sinema?"

"Tuliambiwa," akajibu mzee mmoja akihema. "Mimi nilijua. Miguu ndiyo haikuambiwa."

Mwongozaji alimnong'oneza mpiga picha asizime. Ndiyo maana kipindi kile kina umati mzuri kuliko vyote.

Ilipoisha niliomba kimya cha mahali. Umati wote ukanyamaza pale uani, hata watoto. Nikafumba macho kusikiliza majani ya migomba. Na katikati ya kimya hicho Ma Koku akasema polepole, kwa Kihaya, bila kumwangalia mtu, "Asione haya kuja. Hakuna atakayemwuliza kitu. Sehemu yake nimeipalilia."

Msaidizi akalalamika kwamba kimya kimeharibika. Tukakusanya kingine. Lakini kile kilichoharibika sikukifuta.

Uhariri ulifanyika Bukoba mjini, katika chumba tulichokodi. Siku moja Mhariri aliniita nisikilize, na nilipofika kwenye yowe nikasikia kwarara. Yule ndege wa kelele alikuwa amelia sawasawa juu ya jina.

"Kwarara huyu ametoka wapi?"

"Nimemweka mimi. Mtu wetu anaitwa Josia. Mama anaita Kamugisha. Watazamaji watadhani wamepotea wawili."

"Niliahidi jina litabaki."

"Uliahidi wewe kama nani?"

"Kama mshika bumu."

Akacheka, lakini kwarara akabaki. Mtayarishaji naye alipopigiwa simu alikuwa upande wa kwarara. Nilizunguka mji jioni ile nikiwaza jinsi nitakavyopita Rubafu tena. Jawabu lilikuwa jepesi, na lilikuja nilipomsikia mama mwenye nyumba ya wageni akimwita mwanawe. Sisi kila mtu ana jina la ubatizo na jina la nyumbani. Josia likawa la ubatizo, Kamugisha la nyumbani.

Asubuhi nikampelekea Mwongozaji. Katika kazi yetu unaweza kumwongezea mwigizaji maneno aliyokuwa hajayasema, mradi ameipa kamera mgongo, kwa maana midomo haionekani. Inspekta alikuwa na picha moja ya namna hiyo, amesimama mlangoni anamsikiliza mama, mgongo wake umemziba mama uso. Tukamweka mbele ya maiki, chumba kimezungushiwa mablanketi, akasema, "Na nyumbani mnamwitaje?" Mwigizaji wa Dar akajibu, "Kamugisha."

Mwongozaji alisikiliza, akaweka kofia yake sawa. "Hata hadithi imekuwa nzuri zaidi," akamwambia Mhariri. "Mfukuze huyo ndege."

Kipindi kikarushwa. Hakuna kilichotokea. Kahawa ya msimu ule ilianza kuiva, na sisi tukahamia Muleba kupiga kipindi kingine, pale barabarani mabasi yanapopita. Kulikuwa na mtu mmoja alituharibia picha mchana kutwa. Alikuwa na kiroba cha dagaa begani, na kila tukianza anasimama nyuma ya Inspekta akilikodolea macho bumu. Msaidizi wa Mwongozaji akamfokea: "Wewe Senene, sogea!" Alikuwa amewasikia wauza dagaa wakimwita hivyo.

Yule mtu hakusogea. Akanijia mimi. "Braza, ni ninyi mliorekodi lile yowe la kwenye sinema? La Rubafu?"

"Ni sisi."

"Yule mama alikuwa anaigiza, au alikuwa anaita kweli?"

Nikashusha bumu. Sikumwuliza jina, maana nilikuwa nimeshaelewa kwa nini ndugu zake hawakumpata. Kule visiwani watu hubandikana majina siku ya kwanza. Mtu wa Bukoba aliyekuwa akisifia senene wa kwao, wale panzi wa kuliwa, alikwisha kuwa Senene, na hakuna aliyemjua kwa jingine. Kipindi alikiona kwenye kibanda cha video, amebanana na wavuvi wenzake. Aliondoka kisiwani siku ya pili yake. Akafika Muleba, na hapo akakwama. Kila siku mabasi ya Bukoba yalipita mbele yake na kila siku alijiambia anauza dagaa kwanza.

"Baba nilisikia amezikwa tayari," alisema. "Nikaona nitaingiaje pale. Kama ni mchezo wa sinema, nirudi zangu ziwani. Unaniambiaje?"

Ningeweza kumwambia. Lakini ana haki gani mshika bumu kusema kwa niaba ya mama wa mtu? Nikamwomba Mwongozaji mapumziko mafupi, nikafungua mashine, nikatafuta kimya kilichoharibika, nikamvalisha hedifoni.

Alisikiliza majani ya migomba. Nikaona wakati yale maneno yanafika, kwa sababu kiroba kilitelemka begani na hakukishika. Akanionyesha kwa kidole arudishiwe. Nikamrudishia. Kisha akavua hedifoni, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa kupokeana na wakubwa, akasema, "Hata kupalilia? Na mgongo ule?"

Basi lililofuata alipanda. Dagaa alituachia. Tulikula timu nzima.

Sasa nimepumzika kazi. Watu hunicheka kwamba nimestaafu kabla ya mvi, lakini bega la kulia haliinui tena mkono juu ya sikio, na mshika bumu asiye na bega hana kazi. Mwongozaji aliniagiza nichague mwanafunzi wa kumrithisha mti, nikamchagua binti asiyependa kuongea. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote, nikatafuta basi. Safari hii nilishuka Rubafu.

Ma Koku alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna na malalamiko.

"Wewe mtu wa mti, umeniharibia. Kila wakikirudia kile kipindi, simu zinaanza. Ma Koku, hajapatikana tu? Juzi amekuja mtu kutoka Karagwe na fimbo. Karagwe! Nimpikie nini mimi? Enduru inapigwa, na jambo likiisha inasemwa limeisha, watu warudi. Ninyi mmeiacha huko hewani."

Nilimweleza kwamba kipindi hakiko mikononi mwangu.

"Mashine unayo?"

Nilikuwa nayo, ndogo, ya kwangu. Akajifunga khanga, akasimama pale pale katikati ya ua, lakini safari hii hakupeleka kiganja mdomoni. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua wa miti: "Amepatikana. Asanteni kuja. Rudini majumbani."

"Imetosha," akaniambia, akarudi kwenye ndizi zake.

Sikuzima. Niliomba kimya cha mahali, akaitikia kwa kichwa. Upepo ukapita kwenye migomba. Kisha kutoka upande ule wa kibanja uliokuwa ugawanywe, panga likaanza kulia, ta, ta, na Ma Koku akashindwa kuvumilia.

"Kamugisha! Huo mkungu uache, haujakomaa!"

"Umekomaa, mae!"

"Nimesema haujakomaa!"

Nikaacha mashine itembee.