Sindano ya Mdogo Wangu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba njaa na shibe, akateremsha maradhi na dawa zake, akawapa waja wake ndimi za kumshukuru wakiwa wazima na wakiwa wagonjwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Ninamshukuru Mola kwa macho ambayo bado yanaona ninachokiandika, na ninamwomba anizuie nisimdhulumu mtu kwa kalamu yangu, maana ninaandika nikiwa na uchungu.

Sisi tumezaliwa watatu, na Marekani imetutawanya. Kaka yetu mkubwa yuko Buffalo, upande wa Kensington-Bailey, na tangu baba alipofariki yeye ndiye baba. Mimi niko Columbus, mtaa wa Linden, ambako kwa miaka mingi nimewasomesha mabinti Kurani sebuleni kwangu. Mdogo wetu, kitinda mimba, yuko Louisville. Habari hii ni yake. Ameniruhusu niiandike, ila akaniambia, "Dada, usinipambe."

Mdogo wangu alikuwa mnene. Simsengenyi, kwetu Tanga unene wake ulikuwa sifa, na aliolewa watu wakiusifu. Lakini kusimama ghalani akipakia mizigo kuliyamaliza magoti yake. La kulia lilisagika kabisa. Akawa anatembea kwa mkongojo, akiingia dukani anaegemea kigari cha kutilia vitu, na swala anaisalia kwenye kiti. Daktari wa mifupa akamwambia kwamba goti linaweza kubadilishwa, ila si kwa uzito ule. Apungue kwanza, ndipo apangiwe siku ya kupasuliwa.

Na alilihitaji goti lile kwa jambo moja. Alikuwa ameweka nia ya kwenda Hija pamoja na kikundi cha msikiti wao. Mimi nilimweleza kwamba sheria ina wepesi, kwamba asiyeweza kutembea husukumwa kwenye kiti akaizunguka Al-Kaaba na Hija yake ikawa sahihi. Nilimfungulia kitabu nikamwonyesha. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza siku zote.

"Najua inafaa, dada," akasema. "Lakini miguu hii nimeitumia yote kwa mizigo ya watu. Nguvu iliyobaki nataka nimpelekee Mola wangu."

Nikakifunga kitabu.

Nilikwenda Louisville siku aliyopewa sindano kwa mara ya kwanza, ili pawe na masikio mawili zaidi. Kliniki ilituwekea mkalimani wa simu, Mkongo wa Kivu, na kila aliposema "donc", yaani "kwa hiyo" ya Kifaransa, mdogo wangu alinikanyaga mguu chini ya meza tusije tukacheka. Lakini yule bwana alifasiri vizuri, Mungu amlipe. Tulielezwa kwamba mwili wenyewe, mtu anapokula, hupeleka habari kwenye ubongo kwamba inatosha, na dawa hii inaiga habari ile. Inakifanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi, na ule wito wa kula, kula, unanyamaza. Anajichoma mwenyewe tumboni au pajani, mara moja kwa wiki, siku ileile. Anaanza na kipimo kidogo, kisha kinapandishwa polepole kwa miezi, tumbo lizoee. Kichefuchefu kitakuja, na choo kigumu. Ale kidogo kidogo, anywe maji. Akitapika bila kukoma au tumbo likimuuma sana, aende hospitali. Akiikosa kwa wiki kadhaa, asijichome tena kabla ya kupiga simu.

Mwisho daktari alisema jambo akalirudia, na mkalimani naye akalirudia.

"Bon, mama, sikia muzuri. Docteur anasema hii dawa haiponyeshe. Inakusaidia tu wakati iko ndani ya mwili. Ukiiacha, njaa inarudia, na kilo zinarudia. Ni kama dawa ya pressure, donc unakaa nayo."

Nililazimika kuuliza tena. Sisi tumekulia kwenye sindano za kumaliza. Mtoto akishikwa na homa anachomwa, dozi inakwisha, anarudi kucheza. Sindano kwetu ndiyo dawa kubwa, ile inayofukuza ugonjwa na kufunga mlango. Sindano ya kukaa nayo, na mtu hana kidonda wala homa, haikuwa na mahali pa kukaa akilini mwetu. Daktari akanieleza tena bila kuchoka, nikaelewa. Mdogo wangu naye akaelewa. Laiti sisi wawili tungekuwa ndio ukoo mzima.

Alichagua Jumapili, baada ya swala ya Alfajiri. Anasema Bismillahi, anajichoma, kisha ananipigia simu. Mwanzo alisumbuka. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimtoa jikoni, na chai yake ya maziwa, ambayo asingeiacha hata kwa msiba, ilimshinda. Alivumilia. Miezi ikapita, nguo zikaanza kumpwaya, kipimo kikapandishwa hadi kile cha juu alichotakiwa kufika. Daktari wa mifupa akamwona, akafurahi, akampangia siku ya kupasuliwa baada ya majira ya baridi. Siku ile mdogo wangu alilia kwenye simu hata nikadhani kumefiwa.

Kati ya hapo ndipo kaka alipoozesha binti yake. Mdogo wangu akaja Columbus kwa basi, na mwanangu anayekaa Gahanna, jirani na Columbus, akatuendesha hadi Buffalo.

Wanawake tulikaa chini tukala pilau kwenye sinia, mikono sita kwenye sinia moja. Mdogo wangu alikula matonge machache, akanawa. Kwa watu wetu, kuondoa mkono kwenye sinia mapema ni kumtukana mpishi au kutangaza ugonjwa, na mpishi alikuwa wifi yetu.

"Umekula au umeonja, shoga?" mmoja akamuuliza.

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Umeshibia wapi? Huko Louisville mnakula hewa?" Wakacheka. Mwingine akamshika mkono, akaizungusha bangili iliyokuwa ikimbana zamani. "Na hii nyama umemwazima nani?"

Mdogo wangu hajui kusema uongo. Akawaambia kwamba anajichoma sindano kila wiki. Kicheko kikakatika. Sisi wa umri ule tuliwazika watu wetu katika miaka ile mibaya ya Ukimwi, na tunajua kukonda kulikuwa na maana gani. Aliyekonda hakuulizwa kitu. Alitazamwa tu, na kikombe chake kikawekwa mbali. Niliona mwanamke mmoja akiisogeza glasi yake, polepole, kama anayepisha sahani. Sindano gani ya kila wiki, ya mtu anayesema si mgonjwa? Nilijaribu kueleza jinsi nilivyoelezwa. Walinijibu "Ndiyo, ndiyo, mwalimu," na macho yao hayakumtoka mdogo wangu.

Kesho yake baada ya Adhuhuri kaka akatuita sebuleni. Tulikuta mkeka umetandikwa, wazee wameketi na juzuu zao, ubani unafuka. Tukadhani ni kisomo cha kuwaombea maharusi. Tukakaa, tukaitikia amina. Ilipofika dua, kaka akamtaja mdogo wangu kwa jina lake na jina la mama yetu, akamwombea Mungu amwondolee maradhi anayoyaficha. Nilimwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha likaletwa kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya waridi, na maji yake yakatiwa chupani. Kombe mimi siligombi. Mama yetu alitunywesha, na waliomfundisha walikuwa watu wema. Ila kaka aliongeza sharti lake.

"Utalinywa hili mpaka liishe, nami nitakuletea jingine. Na hiyo sindano uiache. Dawa ya Mungu haichanganywi na dawa ya kizungu."

Nikamwambia kaka kwamba zote ni za Mungu, kwamba Mtume ametuamrisha tujitibu, na kwamba mdogo wetu ana siku ya kupasuliwa, na akiiacha sindano uzito utarudi. Nilisema kwa upole. Kaka akawageukia wenzake.

"Mnamsikia? Mwalimu wa watoto wa kike leo ananisomesha mimi." Wakacheka kidogo, kwa heshima yake. Akamrudia mdogo wangu. "Mwili umeshapungua, sivyo? Mtu akishapona, dawa anaendelea nayo ya nini?"

Na mdogo wangu, aliyezaliwa kaka yake ameshaota ndevu, akasema, "Ndiyo, kaka."

Nyumbani kwetu hakuna jibu jingine. Garini nilimsihi mpaka tukaliacha nyuma yetu lile ziwa la upande wa Buffalo. Mwanangu alimwambia kwa Kiingereza kwamba mjomba si daktari. Mdogo wangu akajibu kwamba mjomba ni baba, akafumba macho.

Njaa haikuchelewa. Aliniambia imerudi kama mpangaji aliyebaki na ufunguo. Alikuwa akila, anamaliza, anasimama mbele ya sufuria tena, na anajichukia. Hakuwa mlafi, tulishaambiwa kwamba itakuwa hivyo, na kwa nini. Nguo za zamani zikatolewa kabatini. Na Buffalo wakafurahi. Kaka alimwona kwenye simu, uso umejaa, akasema, "Sasa umekuwa mtu." Wale wanawake wa sinia wakanitumia salamu kwamba kombe limejibu. Ndugu msomaji, nimefiwa na wazazi na nimefiwa na mume, nikasubiri. Salamu zile zilinishinda kumeza.

Siku ya kupasuliwa ikawa inakaribia, na kabla yake lazima apimwe uzito. Kliniki hakuwaambia kwamba ameacha. Angesemaje kwa wageni kwamba kaka yake amemkataza? Mimi nilimwambia apige simu, akanijibu atapiga kesho. Asubuhi moja hofu ya mizani ikamzidi. Akafungua friji, akachukua sindano iliyobaki, ile ya kipimo cha juu alichokuwa amefikia kabla ya Buffalo, akajichoma. Alidhani mtu huendelea pale alipoishia, kama anavyoendelea na juzuu.

Alitapika mchana kutwa, na hata maji hayakukaa. Jirani yake, mama wa Kikongo, ndiye aliyemkuta sakafuni na kuita gari la wagonjwa. Nilipofika kwa basi alikuwa kitandani na mrija mkononi, midomo imepasuka, na figo zimeathirika kwa ukavu wa mwili. Daktari hakumkemea. Alieleza kwamba tumbo lililokaa bila dawa kwa muda ule linakuwa geni tena, na kwamba angepiga simu angeanzishwa upya chini kabisa. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba kupasuliwa hakutakuwepo, si sasa.

Mdogo wangu aligeukia ukutani.

Jioni kaka akapiga. Niliweka simu tusikie wote. Hakuuliza hali. "Si nilisema? Ile sindano ni sumu." Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemwagiza aiache, na kuacha ndiko kulikomfikisha pale. Akavuta pumzi, akasema tusilaumiane, ndiyo kadari.

Nimeifundisha kadari maisha yangu yote. Nimewaambia mabinti kwamba ni faraja ya aliyefikwa. Sijapata kuwaambia kwamba ni kitambaa cha kufutia mkono wa aliyesukuma. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, mdogo wangu akanyoosha mkono wenye mrija, akaomba simu.

"Kaka, nakuheshimu kama baba," akasema, sauti imekauka. "Niombee dua, sitaikataa hata moja. Lakini mwili huu nitaulizwa mimi. Wewe hutaulizwa."

Kaka akatoa salamu, akakata. Tangu hapo hampigii. Anamsalimia kupitia kwangu, nami nazifikisha salamu bila kuziongezea chumvi wala sukari.

Mdogo wangu ameanza upya, kipimo cha chini kabisa. Safari hii kliniki wanajua kila kitu. Uzito unashuka polepole, na wanasema figo zimetulia. Kikundi cha msikiti wao kiliondoka kwenda Hija bila yeye. Alikwenda kuwaaga, akasimama mlangoni na mkongojo wake, akamwomba kila mmoja amtaje mbele ya Nyumba ile. Kina mama walimkumbatia na kumwambia mwakani, inshallah. Mimi nilisimama nyuma yake. Alipokwisha kuwaaga aliniambia twende, goti linamuuma.

Alhamdulillahi, yu hai. Kaka namwombea msamaha kila swala, na nikishamaliza kumwombea natazama kifuani mwangu, naona bado sijamsamehe. Mola hapungukiwi na subira, labda atanigawia.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe mwili mwepesi na moyo mwepesi zaidi, akuponye usichokijua na usichoweza kukisema mbele za watu, akupe jamaa wanaouliza kabla ya kuamua, na akufikishe kwa miguu yako mwenyewe kule unakotamani kufika. Amina.