Mkeka Juu ya Kisima

Nilipokuwa mlinzi wa geti, wenzangu walisema siwezi kusomea diploma ya usalama kazini hapa Doha. Ninayo, nimeitundika ukutani chumbani kwangu, mtaa wa Najma. Leo, kwenye ujenzi huko Abu Hamour, fundi mmoja alifunika shimo kwa turubai. "Bosi wa diploma, ni dakika tano tu!" akanitania. Nikasimamisha kazi yote. Udongo mbichi ulinukia kama wa uani kwetu.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa miongoni mwa familia za kwanza kuhamia nyika ya kwetu. Baba alichimba kisima, akaniambia nikifunike vumbi lisiingie. Nikatandika mkeka, sawa na ile ya kuanikia mtama iliyokuwa kando yake. Kuku walipovamia mtama, mama akamwita mdogo wangu, "Wafukuze, mwanangu!" Akakimbia akicheka, akipita juu ya mikeka kama alivyozoea.

Tuliazima kamba ya kumtolea kisimani, jembe la kuchimbia kaburi, hata taa. Matanga yalipokwisha, nilirudisha kila kitu kwa mwenyewe.

"Sasa mtarudi mlikotoka?" aliniuliza bibi mwenye kamba.

"Hapana, bibi. Baba anachimba kisima kingine. Mfuniko ameshauchonga."