Pepo wa Hamsini kwa Mia

Munguti Kitheka alifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye mizani ya kiwanda kimoja huko Athi River, akipima malori yanapoingia matupu na yanapotoka yamejaa, na katika muda huo wote hakuna aliyemuuliza maoni yake kuhusu jambo lolote. Alipostaafu alipewa mwavuli na saa ya ukutani yenye picha ya meneja. Aliitundika saa hiyo katika chumba chake cha kupanga mjini Kitengela, ghorofa ya nne, juu ya duka la chipsi. Nguo zake zote zilinuka viazi, hata suti ya kanisani.

Ndipo shangazi yake, Kalunde, alipofariki na kumwachia nusu ya nyumba.

Kalunde alikuwa matroni wa shule ya bweni. Hakuolewa na hakutaka ushauri. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, kando ya barabara ya Namanga, wakati ambapo watu wenye busara walimwambia huko ni kwa swala. Wosia aliuandika katika daftari la hesabu: nyumba iwe ya Munguti na dada yake Roda, na wasigombane. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyoshindikana kutekelezwa.

Munguti alitaka kuhamia humo. Alitaka mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye udongo, apande kunde, akae kwenye kiti bila kusikia mafuta yakichemka. Roda alitaka kuuza, apate pesa za kumalizia ujenzi. Yeye alikuwa na nyumba yake Nkoroi, ambayo ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na kusimama hapo mwaka wa sita, na wageni walikuwa wamezoea kuangalia juu na kuona mawingu.

"Sasa wewe mwanamume mmoja, vyumba tatu ni za nini?" Roda alimuuliza. "Unataka kukimbizana na nani?"

Kilichochelewesha mauzo ni pepo. Nyumba ilikuwa imepangishwa kwa mwalimu mmoja, Ojwang, aliyehama baada ya miezi miwili akisema mifereji inajifungua na maji yanatoka yenyewe. Kitengela, mfereji ukitoa maji wenyewe, kwa kawaida watu hawaiti mchungaji, wanaleta ndoo. Lakini Ojwang alikuwa mwalimu wa fizikia, na mwalimu wa fizikia akisema ni pepo, mtaa hauna sababu ya kubishana naye.

Munguti alimshukuru Mungu kwa pepo huyo, kimyakimya, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa. Roda naye alikubali kwa shingo upande: ikifika Desemba bila mnunuzi, ndugu yake ahamie.

Mwezi wa tisa mnunuzi akapatikana. Aliitwa Ngugi, mwenye duka la mabati na saruji, na alitaka kuibomoa nyumba ajenge fleti. Alikuwa ameahidi kwenda kwa wakili na Roda Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi. Mke wake tu, Mugure, ndiye aliyekuwa akimwambia kila asubuhi kwamba hataki kodi ya mashetani.

Kwa hiyo pepo alihitaji kusaidiwa. Munguti alilitafakari jambo hilo kama mtu wa dini. Kueneza uvumi ni dhambi. Filamu, kwa upande mwingine, ni sanaa.

Akaenda kwa Cate. Cate alikuwa na kamera moja na alipiga video za harusi, ruracio za kulipa mahari na mazishi. Mazishi ndiyo yaliyokuwa na watu wengi zaidi, na yeye mwenyewe alikiri kwamba waliolala kwenye jeneza ndio wateja pekee wasiolalamika jinsi walivyotoka kwenye picha. Kwa miaka minne alikuwa akitafuta nyumba ya kupigia filamu ya kutisha. Munguti alimpa ya bure, kwa masharti mawili: nyumba ionekane wazi, hata namba ya ploti getini, na watu waogope.

"Anko, wataogopa mpaka wahame Kitengela," Cate alisema.

Filamu iliitwa *Shangazi Bado Yuko*. Hadithi yake ilikuwa fupi: kijana anarithi nyumba, shangazi marehemu hataki. Shangazi aliigizwa na Soipan, aliyekuwa akiuza maziwa mtaani, kwa sababu alikuwa mrefu na alikuwa na nafasi kuanzia saa nne asubuhi. Alivalishwa gauni la harusi ambalo bibi harusi mmoja hakurudi kulichukua kwa Cate. Shida ilikuwa lugha. Soipan alikataa kunong'ona Kikamba, lugha ya marehemu, asichokielewa.

"Naweza sema kitu mbaya na mimi sijui," alisema. "Nitaongea Kimaa."

"Shangazi hakujua Kimaasai hata neno moja," Munguti alipinga.

"Anko, huko alienda ako na muda ya kujifunza," Cate akamjibu, akaendelea kufunga taa kwenye mpini wa ufagio.

Walipiga siku tatu, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Siku ya tatu walitoka wote kwenda kula githeri nyuma ya nyumba, na Cate akaisahau kamera ikiendelea, imesimama nyuma ya pazia la sebuleni. Baadaye, akikata filamu, alikuta dakika nne asizozijua: mwanamume mwenye bahasha ya kaki anaingia kwa ufunguo wake, na nyuma yake mume na mke wanaoangalia dari. Cate hakumfahamu mtu huyo. Alifahamu tu kwamba filamu ilikuwa imepungukiwa dakika nne kufika saa moja. Akaziingiza, akaweka kinanda cha huzuni juu yake, bila kuyasikiliza maneno kwa makini, maana alikuwa na mazishi ya kumaliza.

Ilionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, kwenye shuka lililotundikwa ukutani, siku mbili kabla ya kwenda kwa wakili. Munguti aliwakalisha Ngugi na Mugure mstari wa mbele, yeye mwenyewe akakaa nyuma yao apate kuona shingo zao zikisisimka. Roda alikuja kutoka Nkoroi, kwa hasira, na broka wake, Kitonga, aliyekuwa akimtafutia wanunuzi. Roda alikuwa amemkabidhi Kitonga ufunguo na nakala ya hatimiliki siku ile ile ya kwanza walipojuana. Hakumuuliza ofisi yake iko wapi. Alimuuliza kwao ni wapi, akaambiwa Kangundo, Ukambani kama wao, na akasikia lafudhi yenyewe. Broka wa kabila lingine angeombwa kitambulisho na barua ya chifu. Huyu alipewa chai.

Filamu ikaanza. Mlango ukalia. Soipan akajitokeza jikoni ndani ya gauni la harusi, macho yamepakwa majivu, akainua mkono polepole na kusema kwa sauti ya kaburini:

"Supa."

"Ipa!" nusu ya ukumbi ikaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, kwa adabu.

Hapo pepo akafa kabisa. Watoto walianza kumwita Soipan aulize nani anataka nusu lita. Mfereji ulipojifungua wenyewe, mama mmoja akauliza kwa sauti hiyo ni laini gani ya maji, maana kwake hayajafika tangu Jumanne. Ngugi alicheka mpaka akavua miwani. Hata Mugure akacheka.

"Si uone," Ngugi alimwambia. "Ndio huyo pepo wako. Huyo tutamwajiri awe keateka wa fleti."

Munguti aliinamisha kichwa. Aliziona fleti, ghorofa tano, na chini yake duka la chipsi.

Kisha kinanda cha huzuni kikalia, na mwanamume mwenye bahasha ya kaki akaingia sebuleni.

"Hii nyumba iko na mwenyewe mmoja tu," alisema kwenye shuka la ukutani, akitabasamu, "na ni mimi. Marehemu Kalunde alikuwa shangazi yangu, ndiye alinilea. Taito ya ploti ndio hii. Lakini muamue haraka, kuna daktari wa Bisil anaitaka."

Mtoto alilia na hakuna aliyembembeleza. Kwenye shuka, mtu huyo, Kitonga mwenyewe, akawaongoza wale wateja hadi dirishani, akainua gunia na kuwaonyesha bikoni za mpaka. "Uwi!" mwanamke mmoja akapiga yowe, na baada yake wengine. Mzee wa kanisa mwenzake Munguti alishika kifua. Watu kumi na mmoja walitoka kabla filamu haijaisha, wengine kwa bodaboda, kwenda kuangalia kama ploti zao bado ziko. Kitonga aliondoka kupitia chumba cha kwaya, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiitafuta simu yake ampigie mtu aliyemwachia funguo.

Ngugi alisimama, akavaa miwani.

"Mama," alimwambia Roda, "mimi nyumba ya pepo nilikuwa nanunua. Pepo mnaombea, anatoka. Sasa ya kuuzwa mara mbili, nitaiombea kwa kanisa gani?"

"Ngugi, hiyo ni uongo! Huyo si wa kwetu! Shangazi hakulea mtu!"

"Mimi nimeona kwa macho yangu. Jumatatu usiningoje."

Roda akabaki ameketi kwenye ukumbi mtupu, mkoba mapajani. Munguti akamsogelea kwa uangalifu, uso wake ukijitahidi kuwa wa msiba.

"Pole, Roda. Basi mimi nitahamia tu, niiangalie."

"Wewe?" Roda akamtazama. "Cate ameniambia wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unakula githeri mtu akiuza sitting room. Siwezi kukuachia hata kuku. Tunahamia sisi wawili. Leo."

"Na nyumba ya Nkoroi?"

"Ile haina mabati, nani ataiba? Enda uite pikap."

Kabla ya saa kumi na mbili kufuli lilikuwa jipya na godoro la Roda lilikuwa limeshushwa, pamoja na kabati, masufuria mawili ya harambee na mbwa aliyemchukia Munguti tangu zamani.

"Utalala chumba gani?" Munguti aliuliza.

"Cha shangazi."

"Si alifia humo? Huogopi?"

"Naogopa Kitonga," Roda alisema, akafunga mlango.

Jumapili baada ya ibada Roda alinunua rangi nyekundu na kuandika ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara: NYUMBA HII HAIUZWI, HATA SISI TUKIKUAMBIA INAUZWA. Chini yake akaweka namba yake ya simu. Hadi Jumatatu saa sita walikuwa wamepiga simu watu wanne kuuliza bei. Munguti alimsikia Roda akiwajibu, yeye akiwa nyuma ya nyumba, alikokuwa akipanda kunde mistari miwili, kwa sababu mistari mingine yote Roda alikuwa ameshaipimia sukuma wiki.