Jogoo wa Mshona Magodoro

Jumanne, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, jua kidogo mchana.

Jirani yangu mshona magodoro na kaka yake fundi baiskeli wanaishi katika nyumba ya marehemu baba yao, katikati wametundika pazia la maua. Vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vya ajabu: lugha moja, babu mmoja, hata matusi yale yale. Kaka alikuwa upande wa juu, dada upande wa chini. Mdogo wao wa mwisho alimfuata kaka vitani, hakurudi. Vilipokwisha, mtaa mzima ulikubaliana bila kikao kwamba hakuna kilichotokea.

Wawili hawa wakanuniana. Lakini chumvi huisha na paa huvuja, kwa hiyo walisemeshana kupitia jogoo.

"Jogoo, mwambie huyo mwenye grisi asiguse taulo langu!"

"Jogoo, mwulize huyo bibi, lile ni taulo au gunia?"

Kila mmoja alimlisha kwa siri ili mjumbe awe wake. Jogoo akanenepa, akatembea kama mkwe wa tajiri. Siku moja dada aliniambia, sindano mdomoni, kwamba anataka kujua jambo moja tu: mdogo wao amezikwa wapi. "Lakini jirani, utamtuma jogoo kwa neno kama hilo?"

Leo mchana jogoo kafa. Kavimbiwa mahindi ya pande zote mbili.

Dada alisimama uani, akaangaza huku na huku, mwisho akaigeukia ndoo. "Ndoo, mwambie huyo baba, jogoo kafa."

Kaka akatoka na spana mkononi. "We dada, ndoo inajua nini?"

Wakaganda. Kamsemesha! Dada akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope, kaka naye akajishika mbavu.

"Basi tumle," kaka akasema.

"Umle mjumbe? Huna haya!"

Kaka akachimba shimo kando ya ua, la kina, kingo zimenyooka. Akasawazisha udongo kwa kiganja, polepole mno kwa kuku.

"Umezoea, kaka," dada akasema.

Jumatano. Mawingu, bila mvua. Asubuhi dada alilishusha pazia, akalishindilia ndani ya godoro la mteja. Akabeba vikombe viwili vya chai hadi upande wa kaka, akaketi, akamwuliza mwenyewe habari za mdogo wao. Chai ilipoa. Kisha nikawaona wakitoka, kaka mbele, dada nyuma na jembe begani.